Pumu: Sifuri

Jumatatu, 1 Agosti

Leo Mwalimu katugawia madaftari, kila mwanakamati lake. Ni mwalimu wa kemia mstaafu, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ndiye aliyetukusanya watu kumi na mmoja tukipinge kituo cha umeme. Kila siku tuandike upepo unaelekea wapi, moshi ni wa rangi gani, mvua ipo au haipo. Hisia tuziache nyumbani, kasema, kwa sababu wakubwa hupenda kutuambia tuna jazba. Nilimwitikia ili amalize. Sikumwahidi kitu.

Basi. Upepo: wa kwetu. Moshi: mweusi. Mvua: hakuna.

Upepo wa kwetu ni ule unaotoka kituoni, unavuka ukuta na kuingia zahanati kwa dirisha la chumba cha sindano, humu ninamoandikia. Dirisha nimelifunga, masizi yanaingia tu. Kituo kinachoma mafuta mazito mchana na usiku ili kufua umeme, na nyaya za umeme huo zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda kiwanda cha saruji na kwenye majumba ya ng'ambo yenye viyoyozi. Huku chini umeme unakatika mara tatu kwa wiki. Wao wanapata mwanga, sisi tunapata moshi, na bado wanataka tuwashukuru kwa ajira.

Jumanne, 2 Agosti

Upepo wa kwetu. Moshi mweusi. Mvua hakuna. Nimefua gauni la kazi mara mbili, kola bado ya kijivu.

Ijumaa, 5 Agosti

Upepo wa kwetu tangu Jumatatu.

Watoto tisa asubuhi hii, wote vifua vinapiga filimbi. Nimewapitisha mmoja mmoja kwenye mashine ya mvuke. Mtoto anavishwa barakoa, dawa inageuka mvuke, anaivuta, na baada ya dakika kumi mbavu zinatulia na mama yake anaacha kunikodolea macho. Kwenye rejesta nimeandika mafua, mara tisa.

Hili nilieleze, maana daftari huenda likasomwa na wengine. Zahanati ya ngazi yetu hairuhusiwi kutibu pumu. Ukiliandika neno hilo, kanuni zinakutaka ujaze fomu ya rufaa, umpeleke mgonjwa hospitali kuu, safari ya nusu siku, na wewe usimguse. Mtoto anayekata pumzi hana nusu siku. Muuguzi niliyemkuta hapa, mama wa maneno machache, alinifundisha siku yangu ya kwanza kazini. "Andika mafua, mtoto apumue," aliniambia, na akaniachia mashine aliyoiomba mwenyewe kwa wahisani. Mafua tunaruhusiwa kutibu. Huu ni mwaka wa sita nafanya hivyo na hajanifia hata mmoja. Najivunia, wala sioni haya kusema.

Jumapili, 7 Agosti

Chakula cha mchana kwa kaka. Kaka yangu ni fundi mitambo humo humo kituoni, mwaka wa kumi na mbili sasa, na kila nikifika lazima tugombane kabla sahani hazijatolewa. Leo kanikejeli kwa sababu ya daftari. Mto umekauka, bwawa limebaki tope, sasa umeme utoke wapi, kwenye daftari lenu? Nikamwuliza mto umekauka kwa nini. Mvua hazinyeshi kwa sababu dunia inachoma mafuta, na mvua zisiponyesha tunaambiwa tuchome zaidi. Mwenye akili timamu hawezi kuzima moto kwa petroli. Kaka akasema nimeanza kuhubiri. Wifi akatuletea chai tunyamaze.

Mtoto wao wa pekee tunamwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo. Ana miaka sita. Leo kanieleza habari za mjusi mmoja kuanzia tunanawa mikono hadi naaga, na katikati akakohoa mara nne. Niliziona hizo mara nne. Nikajiambia ni vumbi.

Alhamisi, 11 Agosti

Upepo umegeuka, wa kwenda kwao. Mbingu nyeupe. Wagonjwa wa kifua leo wawili tu. Wakati naandika ndipo naliona jambo hilo.

Jumatano, 17 Agosti

Upepo wa kwetu. Mvua hakuna.

Watu wa kituo wamekuja na gundi na brashi, wakabandika tangazo kwenye ukuta wa zahanati bila hata hodi, juu kabisa ya ratiba yetu ya chanjo. Mtambo wa pili. Mkubwa mara mbili ya huu. Utajengwa kwenye kiwanja kilicho kati ya zahanati na shule ya msingi, yaani watoto watoke kwenye moshi wa darasani waje kwenye moshi wa kitandani. Maoni ya wananchi yatasikilizwa tarehe 4 Oktoba, na chini yake wameandika kwa herufi nene: maendeleo kwa wote. Nimeikwangua sehemu ya chanjo kwa kisu cha jikoni hadi ikasomeka. Mkuu wa zahanati kapita, kaniona, kajifanya anatafuta funguo.

Jumatatu, 22 Agosti

Upepo wa kwetu. Mvua hakuna. Mwalimu alikuja na mfuko wa vitambaa. Ametundika vitambaa vyeupe kwenye mapaa kumi na mawili, kila kimoja na tarehe yake, na kila wiki anavishusha. Kanitandikia juu ya kitanda cha wagonjwa, kutoka cheupe hadi cheusi, kwa mpangilio wa umbali kutoka kituoni. Cha zahanati kilikuwa cha mwisho.

Kasema vitambaa vinaonyesha kinachotua juu ya paa, sasa anataka kinachoingia vifuani. Anahitaji hesabu zangu. Nikapiga chenga, nikasema takwimu ni mali ya wizara. Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wasioleta kazi ya nyumbani. Alipotoka, nikaifungua rejesta na kuanza kusoma kurasa zangu mwenyewe. Mafua, mafua, mafua. Nilifika mwezi Machi nikaifunga.

Jumanne, 23 Agosti

Kama jana.

Jumatano, 24 Agosti

Kama juzi. Watoto kumi na watatu.

Alhamisi, 1 Septemba

Upepo wa kwetu. Hayo mengine Mwalimu atanisamehe.

Saa tatu asubuhi kaka aliingia mbio amembeba Chiriku begani. Alikuwa na ovaroli ya kazini, maana Wifi alimkimbilia hadi getini na zamu akaiacha hivyo hivyo. Mtoto alikuwa kimya, na kimya chake ndicho kilichonitisha kabla hata sijamwona uso. Nilimkalisha. Mabega yanapanda, ngozi inazama katikati ya mbavu, midomo imeanza kuwa na rangi ya zambarau. Nikamvika barakoa, nikabonyeza swichi. Mashine haikuwaka.

Umeme ulikuwa umekatika. Mita mia mbili kutoka mahali unapofuliwa, umeme ulikuwa umekatika.

Tuna sola. Paneli nane juu ya bati, akina mama wa mtaa walizichangia na kuzipandisha wenyewe, na mwaka wa kwanza zilituendeshea bila shida hadi mashine, friji ya chanjo na taa za wazazi. Nikageuza swichi kwenye betri. Taa nyekundu. Betri ilikuwa tupu kwa sababu paneli hazikupata jua, na jua lilikuwa kali la kupasua kichwa. Nikajua kilichoko juu.

Nikampa kaka shuka na jagi la maji, nikamwambia panda juu ya paa ufute zile paneli, upesi, usiniulize. Hakuniuliza. Nilisikia bati linalia chini ya viatu vyake, halafu maji yakamwagika kwenye mfereji, meusi. Mimi chini nahesabu pumzi. Nilimshika Chiriku mikono yote miwili, nikamwambia avute nami, avute nami, huku macho yake yamenishika kana kwamba mimi ndiye ninayemnyima hewa. Wifi alikuwa amepiga magoti mlangoni.

Sijui zilikuwa dakika ngapi. Mashine ilikohoa, ikazimika, ikawaka. Mvuke ukaanza kutoka.

Dozi ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, mabega yakashuka kidogo. Katikati ya tatu akaisogeza barakoa kwa kidole na kusema, "Shangazi, kuna mtu anatembea juu ya bati." Nikacheka na kulia kwa pamoja, na Wifi akajifuta uso kwa kanga.

Kaka alishuka akiwa mweusi hadi kwenye viwiko. Kila siku anarudi nyumbani na uchafu wa mtambo, ameuzoea, lakini huu ulikuwa umetoka kwenye paa la zahanati na aliinua mikono akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaufuta kwenye suruali na kuniuliza, kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mtoto wangu ana nini? Niambie ukweli."

Rejesta ilikuwa wazi mezani. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Nikiliandika lile neno, kanuni ilinitaka nimvue barakoa dakika ile ile na nimpandishe gari. Ningeweza kulisema kwa mdomo bila kuliandika, hilo nalijua. Lakini kaka alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kutoka juu ya paa, na mikono ile sikuweza kuitazama.

"Mafua yameshuka kifuani," nikamwambia.

Akashusha pumzi. "Mafua tu?" Akamgeukia Wifi, akamrudia kwa furaha: mafua tu. Nikaandika kwenye kadi ya mtoto.

Ijumaa, 2 Septemba

Upepo wa kwetu. Mafua tu. Mafua tu. Najitia hasira mwenyewe.

Jumamosi, 10 Septemba

Upepo wa kwetu. Mawingu mawili saa nane mchana, yakapita kama wageni waliokosea nyumba.

Kamati imezunguka na fundi wa sola, dada mmoja mwenye mdomo mkali aliyezifunga paneli zetu. Tumehesabu mapaa: shule tatu, soko, stendi, maghala, nyumba za ibada, ofisi za serikali zenyewe. Kapiga hesabu kwenye kiganja chake kwa kalamu, halafu kwenye karatasi. Mapaa hayo peke yake yanatoa zaidi ya nusu ya umeme wa mtambo wa pili, na betri nne kubwa zingebeba jioni. Hakuna atakayeyameza mapaa akapata pumu. Mwalimu akasema tuandike pendekezo, tusiende pale kulia tu.

Watu wa kampuni nao hawakulala. Wamewagawia wafanyakazi fulana za kijani, Nishati Ni Uhai. Kaka anayo. Nimemwona nayo dukani, akanisalimia vizuri sana, akaniambia Chiriku hajambo. Bora angenitukana.

Jumatano, 21 Septemba

Ripoti ya kampuni imetoka, kurasa mia mbili na zaidi, jalada lina picha ya mti. Mwalimu alinisomea ukurasa wa themanini na nane kwa simu, neno kwa neno, kwa sauti isiyo na kitu.

Jedwali la maradhi, miaka sita. Chanzo: rejesta ya zahanati ya mtaa. Mafua ya kawaida, elfu mbili na mia nne. Pumu, sifuri. Hitimisho: hakuna ushahidi kwamba shughuli za kituo zimeathiri njia ya hewa ya wakazi.

Sifuri. Niliomba arudie na akarudia.

Hawakuja kuuliza. Hawakuweka sikio kwenye kifua hata kimoja. Walikwenda wizarani wakachukua karatasi zangu, safi, zenye muhuri, na sasa wanazipeperusha. Damu imenichemka tangu asubuhi na nimevunja kikombe, si kwa bahati mbaya. Na katika hasira zote hizo kuna moja siwezi kumrushia yeyote. Sifuri ile nimeiandika mimi.

Alhamisi, 22 Septemba

Upepo wa kwetu.

Nimekwenda kwa Mwalimu nikamwambia yote. Kanuni, rufaa, mama wa maneno machache, mashine, Chiriku. Alivua miwani akaishika mapajani. Nilitegemea anipigie kelele.

"Umewaandikia ripoti yao," akasema.

Nikamwambia nilikuwa naokoa watoto. Akasema anajua, na kwamba hiyo ndiyo sababu hanifukuzi. Kisha akaniuliza kama nitasimama tarehe nne na kusema. Nikasema nikisema, leseni inakwenda. Akasema ndiyo. Hakuongeza neno la kunifariji, na nilimchukia kwa hilo njia nzima hadi nyumbani.

Jumatatu, 26 Septemba

Mkuu kaniita ofisini akafunga mlango. Anajua ninachotaka kufanya, mtaa huu hauna siri. Si mtu mbaya. Yeye ndiye hutafuta funguo kila tunapowasha mashine, ili akiulizwa awe hajaona.

"Sista," akasema, "ukisema, watakuja kukagua. Wakikagua watachukua mashine. Umeshafikiria Jumatatu inayofuata? Nani atampa mvuke mtoto wa mtu?"

Swali lake nimezunguka nalo siku nzima. Ninachojua ni kwamba mtambo wa pili ukija, watoto watakuwa wengi kuliko dakika za mashine, na mimi nitakuwa nakaa hapo naandika mafua hadi kalamu iishe.

Jumanne, 4 Oktoba

Ukumbi wa shule. Joto la kutokota. Mvua hakuna, na ukisimama mlangoni unauona moshi ukija pole pole kutusikiliza.

Mbele walikaa watu watatu wa kamati ya vibali, mwenyekiti wao mama mtu mzima mwenye sauti nzito. Kulia fulana za kijani, safu tano, na kaka katika safu ya pili. Kushoto sisi, na vitambaa vya Mwalimu vimetundikwa kwenye kamba.

Mtaalamu wa kampuni alizungumza kwanza. Kijana mpole, viatu vinang'aa, kila sentensi anaanza na "ndugu zangu". Akavisifu vitambaa. Akasema masizi ni kero, hilo kampuni inalikubali na itapanda miti, lakini kero si ugonjwa. Kisha akaonyesha ukutani ukurasa wa themanini na nane, sifuri ikiwa kubwa kuliko kichwa chake. Akasema hizi si namba za kampuni, ni za wauguzi wenu wenyewe, watu mnaowaamini. Hapo ndipo nilipojua tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa ni mimi.

Nilinyoosha mkono. Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga.

Nikasema mimi ndiye muuguzi. Nikaeleza kanuni ya rufaa, na kwa nini tunaandika tunavyoandika. Nikasema sehemu kubwa ya hayo mafua si mafua. Kina mama nyuma wakaanza kunong'ona, maana kila mmoja alikuwa anajihesabia wa kwake.

Mtaalamu akainuka. "Kwa hiyo dada yangu, umeidanganya serikali kwa miaka sita?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Na wewe umeunakili uongo wangu bila kuja kumsikiliza mtoto hata mmoja. Zahanati iko hapo nyuma ya ukuta. Ungefika kabla viatu havijapata vumbi."

Watu wakapiga makofi na mwenyekiti akagonga meza. Akaniuliza kama naweza kutoa mfano wa mgonjwa mmoja, bila jina. Ningeweza kumtaja yeyote kati ya mamia. Lakini safari hii nilitaka kuwa mkweli hadi mwisho, au labda nilishindwa kujizuia, sijui.

"Mtoto wa kaka yangu," nikasema. "Septemba mosi. Alikuwa anakufa kwa pumu mikononi mwangu, na nikamwambia baba yake ni mafua."

Kaka alisimama. Hakupaza sauti, ila ukumbi mzima ulimsikia. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuomba uniambie ukweli." Akatoka na fulana yake ya kijani na hakuubamiza mlango.

Mwenyekiti akaahirisha kikao hadi maelezo yangu ya maandishi yafike kwao. Mwalimu alinishika mkono kuelekea getini. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akilia, na mimi nilikuwa na hasira mno kulia.

Jumatano, 5 Oktoba

Upepo wa kwetu. Nimesimamishwa kazi. Naandikia jikoni.

Ijumaa, 7 Oktoba

Wameichukua mashine. Mkuu kaamriwa aifungie stoo. Alichosema kimetimia siku ya tatu.

Nimekwenda kwa kaka. Wifi kafungua mlango nusu, kasema hayupo. Viatu vyake vilikuwa barazani.

Jumatano, 12 Oktoba

Leo akina mama kumi na saba wameingia ofisini kwa Mkuu na watoto wao, wakakaa sakafuni. Hawakuimba, hawakubeba mabango. Wamekaa tu, na watoto wanakohoa. Mkuu akasema hana ufunguo wa stoo. Ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni. Saa sita na nusu stoo ikafunguliwa, na muuguzi mgeni aliyeletwa badala yangu kaandika pumu, kwa wino, na akawasha mashine hapo hapo. Kasema wakitaka waje wote wamkamate.

Nimesimuliwa na fundi wa sola dirishani kwangu. Nimefurahi kwa muda mfupi, kisha nikakasirika tena. Ilitaka kukaa sakafuni asubuhi moja tu, na mimi nilikaa kwenye kiti miaka sita.

Ijumaa, 14 Oktoba

Fomu imeletwa kutoka baraza la wauguzi. Swali moja tu lina uzito: makosa katika rejesta yalitokea vipi. Visanduku viwili, kwa kutojua, au kwa uzembe. Niweke alama, nisaini, nirudishe kabla ya tarehe 26.

Mkuu aliileta mwenyewe na kunifafanulia, akiwa amesimama. Nikiweka uzembe, nitapewa onyo na Novemba narudi kazini. Uzembe maana yake ni makosa machache hapa na pale, kwa hiyo rejesta itapunguzwa kidogo na kubaki, ripoti ya kampuni itabaki nayo, na kibali kitatoka. Nikisema nilifanya makusudi, rejesta yote inatupwa. Kampuni italazimika kuhesabu upya, nyumba kwa nyumba, msimu mzima wa kiangazi na msimu mzima wa mvua, kabla ya kuchimba hata msingi. Na mimi sitakuwa muuguzi tena, hapa wala popote.

Akaniomba nifikirie. Akasema ninapendwa zahanati. Nilimshukuru na kumfungulia mlango.

Jumanne, 18 Oktoba

Fomu iko mezani. Nimeifunika kwa sahani.

Alhamisi, 20 Oktoba

Bado. Kazi hii ndiyo kitu pekee ninachokijua. Nina hasira na kampuni, na baraza, na aliyebuni ngazi za zahanati akiwa amekaa ofisi yenye hewa safi. Lakini kalamu naishika mimi, na hata hapa jikoni, bila mtu, mkono unaelekea kwenye uzembe.

Jumapili, 23 Oktoba

Mvua. Ya kwanza. Niliweka beseni chini ya paa kwa furaha ya mazoea na nikalimwaga. Maji yalikuwa kama wino.

Jumanne, 25 Oktoba

Kaka amekuja saa sita mchana. Sikumtarajia. Hakukaa hadi nilipomsogezea kiti mara ya pili, na hakugusa chai.

Kasema wamempeleka Chiriku hospitali kuu. Daktari kamsikiliza na kuandika neno lenyewe, akampa dawa ya kuvuta ya kutembea nayo. Mtoto anamwonyesha kila anayepita. Nikatabasamu, yeye hakutabasamu.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, kaka."

"Nimekuja kwa jambo moja. Nimesikia kuhusu hiyo karatasi. Usiandike uzembe."

Nikamwuliza kama anajua maana yake kwangu, na kwake pia, akiwa mtu wa kituo hicho. Akasema zamu yake inaanza saa nane na atakwenda, ana mtoto wa kumnunulia dawa. Kisha akaangalia mikono yake juu ya meza. Alisema yeye ndiye aliyepanda juu ya paa. Aliyaona yale masizi na alijua yametoka wapi, miaka kumi na miwili ameyajua, na niliposema mafua alishukuru kwa sababu ndilo alilotaka kusikia. "Ukiandika wewe ulizembea," akasema, "basi na mimi nilizembea. Na mimi sikuzembea."

Niliivuta fomu chini ya sahani. Visanduku viwili nikaviacha vitupu. Chini yake, palipo na nafasi ndogo, nikaandika kwamba nilijua, kila mara nilijua, na kwamba kila mgonjwa niliyemwandikia mafua akiwa na pumu namkumbuka kwa sura. Nikasaini.

Kaka aliichukua akaisoma karibu na dirisha, midomo inatembea. Akairudisha mezani.

"Haisomeki," akasema. "Herufi umezibananisha. Watasema hawakuelewa ulichoandika. Andika upya."

Nikachana karatasi kutoka nyuma ya daftari hili, nikaandika upya, herufi moja moja, yeye amesimama juu yangu hadi nilipomaliza.